Formol ya Patron Raphaël

Kipande chenyewe hakikuzidi punje ya haragwe. Latifa, mtu wa maabara, alikipokea mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kimefungwa kwenye shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, akakifunika kwa kiganja cha pili ili upepo usikipige. Nyuma ya pazia Émilienne alikuwa bado anahema. Dawa ya ganzi ya siku hiyo ilikuwa kidogo, wakaigawa kati yake na kijana aliyeshonwa mguu, kwa hiyo titi lake lilikatwa nusu likiwa limelala na nusu likiwa macho. Hakupiga kelele. Aliung'ata upindo wa kitenge, na alipouachia kitambaa kilibaki na alama za meno.

"Imeisha, mama labo?"

"Imeisha, Mama Émilienne. Pole sana."

"Musirudilie, tafazali. Shemeji alisema kisu mara moja tu. Mukirudilia, mi narudia Lweba na titi yangu vile iko."

Latifa alijua kwamba mwanamke huyu hasemi kwa kutisha. Mume wake aliingia machimbo ya dhahabu ya Misisi na hakuonekana tena, hivyo neno la mwisho juu ya mwili wake likahamia kwa kaka wa mume. Na huyo, kama wengi kule kwao, alikuwa na hakika kwamba uvimbe ukiguswa kwa kisu ndipo unapoamka. Émilienne alimbembeleza msimu mzima wa mihogo. Mwishowe shemeji alikubali kwa shingo upande: kipande kimoja, mara moja, na watu wa hospitali wakishindwa kusema ni ugonjwa gani, basi mwanamke arudi nyumbani akalime.

Kwa hiyo nafasi yote ya Émilienne ya kupona ilikuwa mle kiganjani, na kwa joto lile la mji wa Baraka ilikuwa imeanza kukauka. Latifa aliongeza mwendo.

Maabara ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa baraza, chenye hadubini moja, jiko la kuchemshia vyombo, na dirisha la wavu ambapo wagonjwa waliinama kuuliza majibu. Nyama ya mtu ikishatoka mwilini haikawii kuharibika. Kinachoizuia ni formol, ile dawa inayochoma pua na macho. Itumbukize humo na itakaa vile vile hata mwezi. Na mwezi ndio uliohitajika. Tangu vita vifunge njia ya kwenda Bukavu, vichupa vya hospitali vilisafiri kwa boti hadi Kalemie, kisha kwa ndege hadi Lubumbashi, ambako yuko daktari anayejua kusoma nyama. Wenye boti wengi walikataa kuvibeba. Walisema kipande cha mtu ambaye bado anatembea kinaita upepo ziwani. Boti za Patron Raphaël peke yake ndizo zilizokubali, kwa kuwa Patron aliamuru, na haki yake apewe, hakuwahi kudai kitu kwa hilo.

Latifa akavuta mlango wa kabati. Pale kwenye rafu ya chini ambapo bidon, lile dumu la formol, hukaa, palikuwa na duara la vumbi tu.

Hakuhitaji kuuliza sana. Tangu jana yake mji wote ulikuwa unalia: Patron Raphaël amefariki, mwenye boti, mwenye depo za mafuta, mwenye nusu ya nyumba za barabara kubwa. Na mtu wa namna ile hazikwi haraka. Latifa akakiweka kipande ndani ya kichupa pamoja na shashi yake yenye maji, akakipiga kifuniko, akatoka mbio kuelekea chumba cha maiti.

Bienfait, mtunza maiti, alikuwa nje anaosha pampu. Alipomwona akaacha kusugua.

"Bienfait, bidon ya labo iko wapi?"

"Yaya Latifa, ni Dokta mwenyewe alinipatia ufunguo." Alisema hivyo huku anatazama mabuti yake. "Patron iko muntu munene. Imemuingia mu mwili karibu yote."

Karibu yote. Bidon ilikuwa pale karibu na kizingiti, na kwa nje ya plastiki Latifa aliona mstari wa dawa iliyobaki, chini kabisa, lakini ipo.

"Nisaidie kikombe kimoja. Kimoja tu, baba."

"Kikombe ya nini?"

Aliyeuliza alikuwa Willy, mtoto wa pili wa marehemu, aliyetokea ndani na suti nyeusi na simu mbili mkono mmoja. Jasho lilimtiririka shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na Latifa hakuweza kujua ni kilio au ni dawa.

"Pole kwa msiba, Bwana Willy. Ni ya mugonjwa. Tumemukata kipande saa hii hii. Bila ile dawa kitaoza."

"Mugonjwa eko muzima?"

"Eko muzima."

"Basi eko na bahati." Hakusema kwa dharau, na hilo lilimuuma Latifa zaidi. "Papa eko hapa, joto iko hivi, na kaka yangu Roger amekwama Bujumbura, bamefunga mpaka tena. Yeye ndiye mukubwa, yeye ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Hatujue atafika lini. Ile inabakia ni ya kumurudilia Papa. We unataka Roger afike akute baba yake amebadilika?"

"Ni kikombe tu."

"Leo kikombe yako, kesho mwingine anakuja na yake. Hiyo kitu iko ukubwa gani?"

Latifa akamwonyesha kwa ncha ya kidole. Willy akatazama kidole, kisha akatazama mlango ambao nyuma yake baba yake alikuwa amelala.

"Itie mu chumvi, mama."

"Haiko samaki, Bwana Willy."

Bienfait akakohoa. Willy akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayekusamehe mbele za watu. "Ongea na Dokta," alisema. Moja ya simu ikaita, akageuka kuipokea.

Baba yake Latifa alikufa baada ya swala ya adhuhuri, na jua lilipozama alikuwa tayari kaburini, sanda na udongo, basi. Ndivyo walivyo watu wa kwao pale kando ya ziwa. Hakuwahi kuwacheka majirani Wakristo kwa kumngoja ndugu aliye mbali, kila mtu na kilio chake. Ila alipokuwa anarudi barazani, akipita wodi ya wanawake, hasira ilimpanda hadi masikio yakamlia. Maiti ina haraka gani ya kubaki nzuri?

Dokta Wilfried alikuwa ananawa mikono ofisini. Ndiye mkuu wa hospitali na ndiye mpasuaji wake pekee. Watu wa Fizi nzima walimtegemea, kuanzia Makobola hadi milimani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Funga mlango, Latifa. Najua kile unakuja kusema."

"Dokta, ulimukata mwenyewe. Ulisikia alisema nini."

"Nilisikia."

"Na ulikuwa unajua kabati iko tupu?"

Alijipangusa kidole kimoja kimoja. "Nilizani Bienfait ataacha kidogo."

"Ameacha. Willy amekataa. Enda umuambie wewe, atakusikia."

"Nimuambie nini? Groupe ya kuwasha taa mu maternité inakunywa mafuta ya nani? Ya Patron. Boti inabeba bichupa byako iko ya nani? Ya Patron. Nikimuuzi Willy leo juu ya kikombe, mwezi unakuja bamama batazala mu giza. Ni nani atakuja kuniuliza? Si wewe?"

"Na huyu mama?"

"Tia mu alcool."

"Alcool yetu bameiongeza maji mpaka haiwake moto, Dokta. We mwenyewe ulicheka siku ile."

"Tia mu ile ile. Ni kwa siku kidogo tu, mpaka boti itoke."

Latifa akamtazama. "Boti zote zimefungwa juu ya kilio. Hazitoki mpaka Patron azikwe. Patron hazikwi mpaka Roger afike."

Ilikuwa wazi kwamba hilo Dokta Wilfried hakulifikiria. Akaitundika taulo kwenye msumari, ikaanguka, wala hakuiokota.

Latifa alifanya alichoweza. Kabla ya kukitia kipande kwenye ile alcool dhaifu, alikigusisha kidogo juu ya kioo, akakipaka rangi ileile wanayotumia kutafuta malaria, akakiweka chini ya hadubini. Alizungusha kirungu taratibu. Alitamani sana asione kitu. Vikaja, vile vijichembe vya mwili: vimerundikana, vikubwa kupita kawaida, kila kimoja na umbo lake la ovyo, viini vyake vyeusi vimevimba. Alikuwa ameviona vya namna hiyo vya kutosha katika miaka yake ya kazi. Akainuka, akamwachia daktari kiti.

Dokta Wilfried aliinama muda mrefu. Mgongo wake ulisema kabla ya mdomo.

"Mi naona kile unaona," alisema.

"Basi mukate titi, Dokta. Bado iko ndogo. Haijashika kwapa, nilimugusa mwenyewe."

"Macho yetu haina cachet, haina muhuri, Latifa." Akasukuma kiti nyuma. "Nikitoa titi bila karatasi yenye cachet ya Lubumbashi, ule shemeji ananipeleka ku polisi, na juge atamupa haki. Na wafadhili, dawa yabo haitoki bila ile karatasi. Hata nikikata, ni kumukata bure. Unazani sijafikiria?"

"Na tukimuomba kipande kingine, kilio ikiisha?"

"Muombe wewe," alisema Dokta.

Émilienne alikuwa anangoja kwenye dirisha la wavu, titi limefungwa bendeji chini ya blauzi, mkono wa kushoto ameushikilia kwa mkono wa kulia. Uso wake ulikuwa wa kijivu lakini alitabasamu. Latifa na wenzake wa maabara walipokuwa shuleni walifundishwa: maabara haitoi habari, maabara inatoa majibu, na majibu yanapita kwa daktari. Kanuni nzuri sana kwa mtu asiyetazamwa usoni. Hapa mgonjwa anainama kwenye wavu, pumzi yake unaisikia, na anasoma uso wako bila kuhitaji hadubini yoyote.

"Uliona, mama labo?"

"Tunangoja Lubumbashi, mama."

"Itakawia?"

"Kidogo."

"Kidogo naweza," alisema Émilienne.

Kazi ile ilikuwa imemharibu Latifa kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa hawezi tena kumkumbatia mtu bila vidole vyake kutafuta. Kwenye harusi, akina mama wakimrukia kwa furaha, yeye mkono wake mmoja tayari uko chini ya taya, unapapasa kama kuna kokwa. Binti zake aliwakagua makwapa kila Ijumaa akisingizia kuwasuka. Mumewe, Swedi, alikuwa akimtania: "We unanikumbatia ama unanifanyia examen?" Jioni ile alimkumbatia tu, hakumpapasa, akalia begani pake hadi shati likalowa. Swedi hakutania. Aliuliza ni nani, akajibiwa ni mtu wa Lweba.

Siku zilizofuata Roger hakufika. Mara mpaka umefunguliwa, mara umefungwa. Mara ameonekana Uvira, kumbe ni binamu yake. Pale kwa Patron ng'ombe waliendelea kuchinjwa, muziki wa kwaya haukuzimwa, na boti zilibaki zimefungwa ufukweni na vitambaa vyeusi puani. Latifa alimfuata nahodha mmoja, akamsihi amfikishie kichupa Kalemie. Nahodha alimtazama kwa huruma. Patron angali juu ya ardhi, alisema, nani atawasha mashine? Bienfait naye akaja kwa siri kumwambia kwamba kile kilichobaki kwenye bidon kimeingia mwilini mwa Patron kwa mara ya pili, na bidon yenyewe imekwenda kwenye kilio kubebea mafuta ya jenereta.

Kila asubuhi Latifa alimwaga ile alcool na kutia nyingine. Mwanzoni ilitoka safi. Kisha ikaanza kutoka na ukungu. Asubuhi moja alifungua kifuniko na harufu ikamfikia kabla hajakileta karibu, ndogo, tamu, ile harufu ambayo wavuvi wanaijua kwenye mitumbwi isiyooshwa. Alikitikisa kidogo. Kipande kiligusa kioo na kuacha vumbi la nyama majini. Alikirudisha rafuni nyuma ya vichupa vingine, lebo imegeukia ukutani, kisha akaona aibu, akaigeuza tena mbele.

Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba Roger amevuka kweli, na kwamba kabla ya mazishi watu wa Baraka watapita kumuaga Patron. Dokta Wilfried aliagiza wafanyakazi wote waende na makoti yao meupe, hospitali ionekane. Latifa akaenda.

Turubai lilifunika uwanja mzima. Foleni ilianzia barabarani, ikapita jikoni, ambako wanawake walikuwa wanakoroga bukari, ugali wa kwao, kwenye masufuria makubwa. Émilienne alikuwa mmoja wao. Wanawake wa Lweba walilima mashamba ya Patron, kwa hiyo kilio kilikuwa pia kazi yao. Alikuwa anakoroga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umening'inia. Alipomwona Latifa aliuacha mwiko kwa jirani yake, akajipangusa, akaja kusimama naye kwenye foleni kama watu waliofika pamoja.

"Mi sijamuangalia bado," alisema. "Nilingoja mutu ninamujua."

Walisogea. Bendeji ilikuwa imeondolewa, na kwa upande wa kwapa blauzi ilikuwa imekaza kuliko ilivyokuwa siku ile. Latifa aliona. Vidole vyake vikaanza kusogea venyewe, akavifunga mfukoni mwa koti.

Jeneza lilikuwa wazi, limezungukwa na maua ya plastiki na feni mbili. Patron Raphaël alikuwa amevaa suti ya rangi ya ziwa na tai, mikono juu ya tumbo, ngozi imekaza na kung'aa. Formol iliwafikia hatua chache kabla. Ilimwingia Latifa puani, ikapanda, na machozi yakamtoka mfululizo wala hakuweza kuyazuia. Shangazi mmoja wa familia akamwona.

"Mama wa hospitali analia hivi! Mumupatie kiti. Mumupatie sucré."

Wakamkalisha mbele kabisa, wakamshikisha Fanta baridi. Safu moja nyuma yake alikaa Dokta Wilfried, karibu na Willy, anatazama viatu vyake. Émilienne alibaki amesimama ubavuni mwa kiti, anafuta macho kwa upindo wa kitenge, ule ule wenye alama za meno. Kisha aliinama sikioni mwa Latifa.

"Siku zote hizi na joto hii. Angalia namna bamemutunza. Utasema analala."

"Ndiyo."

"Inachoma macho kweli. Ni dawa gani?"

"Inaitwa formol."

Émilienne akafikiri. "Ndiyo ile mulitia mu kile changu?"

Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo na haijaanza mwingine. Latifa alihisi Dokta Wilfried amesikia. Viatu vyake havikusogea. Chupa ya Fanta ilikuwa inamtonea magotini. Aliijua kweli, alikuwa nayo ulimini nzima nzima, na alijua pia mwanamke huyu akiipata atafunga kanga yake na kurudi Lweba jioni hiyo na titi lake vile lilivyo.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni ile ile."

Émilienne akashusha pumzi. Akarudi kwenye jeneza, akainama tena, safari hii bila haraka, watu wa foleni wakimngoja. Alimtazama Patron kwenye paji la uso, akamtazama mashavu, akamtazama vidole kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu wa mtu anayechagua samaki sokoni. Hakuona doa. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu Latifa amjue.

"Basi hata changu kitafika muzuri," alisema, akarudi jikoni, akachukua mwiko kwa mkono wake mmoja.